Kindi Namba Saba Hataki Kulala

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba nimeacha kahawa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nimehamia chai, na ukoo mzima ujulishwe. Baada ya tangazo hilo, hujambo? Goti la mama limepoa? Mimi mzima, ila mikono inanuka kindi.

Kazi ni ileile, kusafisha vizimba vya maabara. Tuna kindi kumi na wawili kwenye chumba baridi kama tumbo la friji. Msimu huu hulala wiki kwa wiki, mwili baridi kama jiwe la mtoni, moyo unapiga kwa kusitasita. Nilidhani ni baridi inayowalaza. Daktari, bosi wangu, akanicheka, akasema baridi inapiga hodi tu; anayefungua mlango ni ubongo. Humo mna kemikali iitwayo adenosini, inayouambia mwili upunguze moto na uzime taa. Jina hilo nililiandika kiganjani, nikawa nalitafuta vitabuni mwake kila nikideki ofisi yake.

Kumi na mmoja walilala. Namba Saba akagoma, macho kodo kama mwenye kesi. Daktari akafurahi kama aliyepata mjukuu. Akasema huenda ubongo wa huyu umeumbwa tofauti, kwa hiyo Ijumaa utatolewa ukapimwe. Mlinzi akanitania eti nianze kushona sanda, ya kitambaa cha leso itatosha.

Sasa dada, kaa chini. Kila asubuhi nilikuwa namchovyea Namba Saba mkate kwenye kahawa yangu. Anapenda, nami sina mwingine wa kunywa naye. Kumbe kahawa ina kafeini, na kitabu kinasema kafeini hukalia kiti cha adenosini ubongoni, mwenyewe akija anakuta pamejaa. Nikaacha kahawa kimyakimya, nikawa namchovyea chai, nikiomba alale kabla ya Ijumaa. Wapi.

Alhamisi nikamwendea Daktari, nikatapika yote. Akaifuta Ijumaa, akaninyang'anya kikombe, akaniambia niendelee kudeki. Siku ya tatu Namba Saba akajikunja, akapoa.

Mkandie mama goti kwa niaba yangu, na umwambie mwanawe msomi bado ana kazi.

Ni mimi mdogo wako,
Mfagia vizimba.

Chai nayo ina kafeini.