Sahani mbili na kikombe

Mwenzangu, leo nimeaibika mpaka natamani ardhi inimeze.

Bibi amefunguliwa bandeji. Anaona! Upasuaji wa mtoto wa jicho ulichukua dakika ishirini. Miaka sita namshika mkono, kumbe ni kazi ya dakika ishirini!

Sasa sikia. Akaja nesi na fomu. Eti wanapima kama faida ya upasuaji inazidi gharama yake. Akaniuliza mbele ya wagonjwa wote, "Upofu wa bibi yako umewagharimu nini?"

Unanijua nikiulizwa kitu mbele za watu. Nikajibu, "Sahani mbili na kikombe."

Sahani mbili na kikombe! Wodi nzima ikacheka. Na nesi akaandika kweli.

Bibi hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, maana mara ya mwisho aliniona nina miaka kumi na moja. Akamwambia nesi, "Andika na shule ya huyu. Aliacha darasa la tano ili anishike mkono."

Mimi nikajifanya natafuta ndala zake chini ya kitanda. Mwenzangu, alikuwa amezivaa.

Tulipotoka nikamwambia kwa mazoea, "Ngazi hapo, Bibi, polepole." Halafu nikajikwaa mwenyewe. Bibi akanidaka mkono.

"Tazama mbele, mjukuu wangu."

Hakuniachia mpaka nyumbani. Nami sikumwambia aniachie.