Kaka, Uliruka Dhamana ya Mama

Kaka yangu Deo,

Sikusalimii. Salamu ni ya mtu anayejulikana alipo. Wewe tunasikia tu: mara uko Malawi, mara umeoa, mara umenenepa. Nenepa, bwana.

Unakumbuka ulivyokuwa utingo wa lori la mahindi? Ukirudi Maposeni ulitushushia mkate na sabuni ya kunukia, dukani siku hizo vitu vimejaa lakini hela hatuna, na mimi nilijigamba kwa wenzangu kisimani kwamba nina kaka. Nilikupenda, Deo, hilo sikufichi. Hata polisi walipokuta bangi chini ya yale magunia, ukaniambia kwenye dirisha la mahabusu, "Mdogo wangu, mimi nilipakia tu," niliamini neno kwa neno.

Hakimu alitoa dhamana. Mama akaweka shamba, lile lile lenye kaburi la baba. Siku uliyotoka alikupeleka kaburini, ukashika unga wa mahindi, ukaumwaga juu ya udongo, ukaapa mbele ya ukoo kwamba hutakimbia. Baba mdogo alitaka uwe unalala kwake mpaka kesi iishe. Mama akamkatalia kwa ukali: "Mtoto aliyeapa kwa baba yake halindwi kama mbuzi!" Na sisi sote tukaona amesema kweli. Nani kwetu angemwaga unga kaburini halafu atoroke? Basi ulikuwepo wewe. Ulishika njia ya Mbamba Bay, ukavuka ziwa.

Hukumwona mama mahakamani. Hakimu alimuuliza, "Mama, mshtakiwa yuko wapi?" Naye, masikini, akajibu kwa heshima zote, "Mheshimiwa, atakuja. Aliapa kwa baba yake." Watu wakacheka, Deo. Walimcheka mama yetu! Shamba likapigwa mnada, na leo mama akitaka kung'oa majani kwenye kaburi la mumewe anapiga hodi kwa mgeni. Nimemchukua, anaishi kwangu Lizaboni, huku mjini. Akisikia lori linasimama barabarani anatoka nje kutazama. Nikimwambia aache, ananinunia siku nzima.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia. Mwanangu Festo, yule uliyekuwa ukimbeba mabegani, amekamatwa. Kwenye basi, chini ya kiti chake, walikuta mfuko wa bangi. Anasema si wake. Hakimu amekubali dhamana, akataka mdhamini mwenye mali isiyohamishika. Nikaenda Maposeni nyumba kwa nyumba. Walinikaribisha vizuri, uji nikapewa, lakini nikitaja dhamana kila mtu anakumbuka kazi shambani. Baba mdogo ndiye aliyenipasulia: "Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ukoo wetu hautadhamini tena."

Nilimlaani moyoni njia nzima mpaka mjini. Nikasema basi, nina nyumba yangu, vyumba viwili vya tofali nilivyojenga kwa kuuza mitumba. Humo analala mama, wanalala wadogo zake Festo. Jana nikaenda mahakamani na hati yangu kwenye mkoba. Karani akaiangalia, akaridhika, akanisogezea karatasi na kalamu. Festo alikuwa amesimama pale pembeni na askari, ananitazama, uso umeshaanza kucheka.

Nikashika kalamu, Deo. Nilimtazama mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikawaza: huyu naye akienda? Nikamwambia karani, "Naomba kwanza nikafikiri."

Festo alisikia. Aliinama akavua viatu, kwa sababu kule ndani wanaibiana, akampa askari aniletee.

Kaa huko huko uliko.

Mdogo wako,
Mama Festo