Paka Wetu Hana Mimba, Shoga

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam alaykum huko uliko, Mola akutie nuru kaburini. Sisi hapa Chokocho wazima. Mwandiko wangu unaujua, ulikuwa ukiucheka, basi nivumilie.

Kwanza nikupe habari ya paka. Yule paka wangu uliyekuwa ukimwita kamba ya kuanikia nguo, sasa kanenepa shoga, tumbo hilo. Nikasema huyu ana mimba, nikawaahidi majirani watoto. Bi Kazija kashaweka na boksi. Ndipo Zuwena wangu akanivuta jikoni akanambia, "Mama, paka hana mimba. Anakula chakula cha Raya."

Raya wako. Mwanao.

Tangu ututoke anakula mchana kwetu, wakirudi skuli na Zuwena. Sinia moja, watu watatu. Mimi naona mkono unakwenda, unarudi, nasema mtoto anakula. Kumbe anafinyanga tonge tu, halafu analishusha pembeni ya goti, na paka anangoja. Zuwena aliona kwa sababu hata skuli Raya alikuwa hali kitu, kila saa anasema kanenepa, na sketi yake kaifunga kwa pini isimvuke.

Unanijua mimi na roho yangu. Nilitaka nimpakulie sahani nzima, nimkalie mbele mpaka amalize. Zuwena akanikataza. "Usimshindilie, mama. Wala usimwambie kakonda, wala kanenepa." Sasa shoga, mtu wa hapa atamsalimia mwenziwe vipi bila ya kumwambia kakonda au kanenepa? Nimebaki na habari za jua na mvua.

Zuwena alimkalisha Raya uani, mimi nafua, nasikia. Hakumkemea. "Roho yangu haitulii kwa ajili yako, mwenzangu. Sikwambii ule. Nakwambia twende spitali, mimi na wewe." Raya akakasirika, akakaa siku bila ya kuja kwetu. Mkeka nikautandika vile vile, na nafasi yake. Aliporudi akasema atakwenda, lakini na mimi nifuate.

Tukaenda spitali ya Chake. Daktari kasema haya ni maradhi, si kiburi wala si shetani, na yanataka subira. Kila wiki Raya anarudi kuzungumza naye. Kazi yangu mimi kwenye sinia ni kupiga soga, nisimtazame mkono. Taabu hiyo, macho yanakwenda yenyewe. Basi nawahadithia wewe, ulivyokuwa mwizi wa ukoko, ulivyofukuzwa jikoni kwenye harusi ya watu, sufuria umeikumbatia. Raya hucheka mpaka akashika mbavu.

Juzi tumeshakula, nasikia kijiko kinakwangua. Raya huyo, kachuchumaa, kainamia sufuria. Kautoa ukoko, nusu kampa Zuwena, nusu katafuna mwenyewe. Nilisikia ukivunjika menoni mwake. Nikajifanya naosha vyombo, na vyombo vyenyewe vishaoshwa. Paka kalia pale, hakupata hata chembe.

Hajapona, sikudanganyi. Jana alikula kidogo sana, na usingizi wangu ukaruka. Lakini hakumpa paka.

Lala shoga yangu, kwa rehma za Mola. Chake nitakwenda naye mpaka daktari atuchoke. Siku anayokula na siku asiyokula, mahali pake mkekani ni pale pale, kati yangu na Zuwena. Na sufuria ya wali siitii maji mpaka mwanao apite kwanza.

Mimi shoga yako,
Mama Zuwena