Glasi Isiyo na Tundu

Mwanangu Zaina,

Mpe bibi yako shikamoo yangu. Mimi huku Korogwe ni mzima, ila roho yangu iko Misima kwenye bega lake linalomuuma, maana najua wembe wa kuumikwa hautaki tena. Usimwache achote maji.

Sasa sikiliza. Sisi waganga tunaoumika watu kwa pembe, kuwachanja na kuwafyonza damu, tunafundishwa na Mzee Mchina, yule anayetibu watu wa mkonge. Yeye anaumika kwa glasi. Jana akaniambia nianze mimi, na aliyelala ni mama mmoja wa Vugiri anayeumwa mgongo. Kwa mazoea nikashika wembe, nikainama nifyonze kama kwenye pembe, tundu la kufyonzea silioni. Nikaigeuza glasi huku na huku. Yule mama akauliza, "Mama Zaina, unaniumika au unangoja chai?" Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mzee akasema, "Weka wembe, mama. Moto ndio unaofyonza." Akapitisha moto ndani ya glasi, akautoa, akaibandika upesi. Nyama ikaumuka kama andazi, wala damu haikutoka hata tone. Nikajaribu mimi, nayo ikashika. Zaina, ikashika kweli.

Glasi moja nimepewa nije nayo. Mkande bibi kwa maji ya moto, na umwambie binti yake anarudi bila wembe. Asipoamini, nikifika mwache aupekue mkoba wangu mwenyewe.

Nakuwaza kila saa, mwanangu. Kula ushibe.

Mama yako