Mililita Elfu Moja na Mia Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Fundi redio wa kitanda cha nne kaanza sindano za gentamisini. Dawa kali hiyo — figo na masikio ndiyo ya kuchunga. Nimemwambia akisikia mlio sikioni aniite, hata akiona nimenuna. Akauliza huwa sinuni saa ngapi. Ana maneno mzee huyu! Mkojo wote kwenye chupa, tupime. Mkewe naye nimemweleza.

Jumatano, 6 Machi
Chupa nimeikuta tupu, imeoshwa inang'aa. Mkewe kamwaga. Kasema, mwanangu, naona haya ushike mkojo wa mume wangu, wewe ni sawa na binti yetu. Nikamuuliza ulikuwa kiasi gani. Kama wa jana tu, akasema. Nikaandika 1200 kwenye faili, kama ya jana. Wodi imejaa, niko peke yangu. Kesho nitamweleza vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Sikumweleza. Chupa imeoshwa tena. 1200.

Ijumaa, 8 Machi
Off. Nimelala tu.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimewahi kabla ya mkewe. Mkojo wa tangu jana jioni haufiki hata mia mbili, mweusi kama chai iliyokaa.

Nikamuuliza fundi kama kanywa maji. Ananitazama midomo tu. Wenzangu wanasema kanuna tangu jana. Aliwaambia kichwani mna redio isiyoshika stesheni, wakacheka, wakadhani utani wake ule ule. Nikasimama nyuma yake, nikamwita taratibu. Nikamwita kwa nguvu. Aliyegeuka ni wa kitanda cha tano.

Sindano ya saa nne nimeizuia, nikamwita daktari. Kamtoa damu ya kupima, kapekua faili. Kasema mkojo wa Jumatano na Alhamisi ulikuwa mzuri, ndiyo maana aliacha dawa iendelee. Akaniuliza, hizi namba ulipima wewe? Mke wa fundi ndiyo kwanza anaingia, akaichukua chupa akaoshe. Nikamnyang'anya mbele ya watu. Maskini, kaniomba radhi.

Daktari anasubiri. Nimemwambia naenda kuangalia kwenye daftari. Daftari gani? Nimejifungia chumba cha dawa, naandika humu. Naogopa, na naona aibu. Mtu anakula kwa masikio yake.

Fundi kawasha redio yake ndogo, naisikia hadi huku. Wagonjwa wanamwambia apunguze. Anazidi kuongeza sauti. Daktari anagonga mla—