Komeo la Dirisha la Jikoni

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Huko kazini wazima? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Anayeniandikia ni fundi cherehani jirani. Ana gauni la bibi harusi mkononi, basi bibi harusi asubiri, kwani anakimbizwa na nani?

Hiyo mashine yako ya kutafutia vyuma, unayookotea watu pete majini, nimeifikiria. Ndugu yako yumo bwawani tangu mtumbwi upinduke, na mguuni ana chuma cha hospitali. Mtafute. Nataka kumzika. Sijalia bado, sijui kwa nini. Napika, nafagia, nalala.

Mama

20 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo. Nimepiga mbizi, ila bwawa limejaa misumari na vizibo vya soda, na mashine inalia kwa kila kitu. Ningeijua sauti ya chuma chenyewe, ningeitenga.

Mwanao

28 Machi

Marahaba, baba.

Inalia? Hata kwa kizibo? Basi ina moyo kunishinda. Fundi anacheka, wee, andika!

Kile chuma cha kwanza, kilichopinda wakamwekea kingine, ninacho. Nilikifanya komeo la dirisha la jikoni. Mwenyewe alikuwa akinitania, "Mama, unafungia dirisha mguu wangu." Nimempa dereva wa basi akuletee. Usikipoteze, dirisha sasa linapigapiga.

Mama

15 Juni

Shikamoo Mama,

Fundi akusomee ukiwa umekaa.

Chuma chako nilikizika kwenye ndoo ya tope, nikapitisha mashine juu yake mpaka sikio likazoea: mlio mwembamba, mfupi. Bwawani nikafunga kamba kwenye jiwe, nikazunguka nikiilegeza kidogo kidogo, sahani ya mashine ikikaribia kugusa tope, polepole. Jana ikalia vilevile. Nikapepea tope kwa kiganja.

Ni yeye, Mama. Polisi wamemtoa.

Mwanao

17 Juni

Marahaba, mwanangu.

Nimesomewa mara mbili, maana fundi alilia katikati, ikabidi arudie. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikaumaliza.

Mlete. Chuma cha mguuni wasikitoe, ni mguu wake, azikwe nacho. Cha dirisha nirudishie.

Na hiyo mashine uje nayo. Uiwashe hapo jikoni, uipitishe kwenye komeo. Nataka nisikie inavyolia.

Mama