Waliniomba Nilie ili Rashidi Asiihame Nyuki

Mpendwa Baba Rashidi,

Assalam alaikum, mume wangu. Makaburini wanaume ndio wendao. Mimi hukuombea hapa hapa nyumbani, cherehani ikiwa imenyamaza mbele yangu. Lakini habari ya leo haitoshei kwenye dua. Ni ndefu, ina makelele, na ndani yake mna matokeo ya mpira wa kikapu, nawe hukuwa mtu wa kusimuliwa mpira kwa mkato. Mtu akikwambia "tumeshinda", ulikuwa wamuuliza kwa ngapi, nani kafunga, na robo ya tatu ilikuwaje. Basi nimeamua kukuandikia yote. Na nimeridhia wasome wengine pia, kwa sababu mtaa mzima wa Chaani ulitia mkono katika jambo hili.

Nianze na kile kiwanja. Wakumbuka kilivyokuwa vumbi tupu? Ulikuwa ukitoka bandarini kutengeneza kreni, ovaroli hujavua, unakwenda moja kwa moja kuwafunza vijana wa mtaani. Ule mduara wa chuma uliuchomelea mwenyewe gereji, ukaufunga kwenye nguzo kwa boliti nne. Siku ya kwanza kuniona nilikuwa napita na bakuli la mbaazi kutoka kwa mama, mpira ukaja ukanipiga mkononi, mbaazi zote chini. Nikasimama naona haya, machozi yanalenga. Ukaja mbio, umelowa jasho, ukanambia, "Dada, usilie. Hizo za chini nitazila mimi." Ukaokota moja kweli, ukala na mchanga wake! Nilicheka nikasahau mbaazi. Mwaka uliofuata nilikuwa mkeo, na jezi za timu yako, Nyuki wa Chaani, nazishona mimi.

Mwanetu Rashidi alipofika miaka minane ulimfunga mkono wa kulia kwa leso yangu mpya, ile ya rangi ya zambarau, ili ajifunze kurusha kwa kushoto. Nilikuja pale uwanjani nimekasirika. "Baba Rashidi, wamtesa mtoto, na leso yangu waitia jasho!" Nawe hukugeuka hata kunitazama. Ulisema, "Ngoja kidogo, Mama Rashidi. Huyu atakuja kutuchezea sote." Nilirudi nyumbani nanung'unika. Ile leso sikuifua siku tatu, kwa hasira tu.

Ulipotutoka, miaka mitatu sasa, watu walisema Nyuki wamekwisha. Rashidi alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Arubaini ilipopita alichukua mpira wako akenda uwanjani peke yake, na wenziwe wakamfuata mmoja mmoja. Msimu uliopita, mume wangu, wametwaa kombe la taifa. Nyuki wa Chaani! Fainali waliipiga ile timu kubwa ya Nairobi, yenye basi lake na daktari wake, na Rashidi akatajwa mchezaji bora wa nchi. Walipofika Changamwe na lile kombe, akina mama walitoka wakigonga visahani, wamejifunga leso mbili mbili kana kwamba ni arusi.

Furaha ile haikumaliza mwezi. Mkataba wa Rashidi uliisha, akawa mchezaji huru, yaani anaweza kwenda popote apendapo bila timu yoyote kumzuia. Na waliomtaka wa kwanza walikuwa hao hao wa Nairobi aliowafunga. Loo, mtaa ulichemka! Kinyozini ni Rashidi. Kwenye grupu la mtaa katika simu ni Rashidi. Mteja akija kupimwa buibui, hata futi sijaifungua, ananiuliza, "Mama Rashidi, aenda au haendi?" Wengine walikuwa na habari zao tayari: ati ameshatia saini, ati amenunuliwa nyumba, ati ameonekana Magogoni akiagana na jamaa. Mimi namuona kila siku hapa nyumbani, akila wali wangu, lakini yeye hasemi nami siulizi.

Alasiri moja akaja Shali, mwenyekiti wa Nyuki. Wamjua alivyo, tangu uliponunua naye mpira wa kwanza hapendi kuketi akiwa na jambo. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Rashidi," akasema, "mimi nimesema naye, kocha amesema naye, imamu amesema naye. Amebaki wewe."

"Niseme nini mimi, Mwenyekiti?"

"Usiseme kitu. Wewe lia tu mbele yake. Wallahi, mama akilia, Rashidi haendi. Akienda, timu ya marehemu imekufa, na sisi tutakuwa tumeizika."

Alisema kwa uchungu wa kweli, macho yake mwenyewe yamejaa maji. Nilimwambia nitafikiri. Na baada ya yeye kuondoka niliketi siwezi kutia uzi kwenye sindano.

Maana nilimkumbuka mamako, Allah amrehemu. Ulinisimulia mara moja tu, tukiwa tumeketi barazani, Rashidi bado nambeba mgongoni. Mwaka mmoja kabla hatujajuana walikuja watu kutoka Nairobi kukuchukua ukawachezee. Begi ulikuwa umeshafunga. Mamako akalala kizingitini, akalia, akasema ukitaka kwenda umruke. Ukalifungua begi. Nilikuuliza kama wajuta, nawe ukasema, "Sijuti. Ila sikuwahi kujua. Nilibaki kwa sababu ya machozi, sikubaki kwa sababu nilichagua."

Sikukwambia siku ile nilivyoumia, sasa nakwambia. Niliumia kwa sababu machozi yale ndiyo yaliyonipa mume. Lau mamako asingelia, mbaazi zangu zingefika salama, na mimi ningeolewa Likoni kwa yule binamu yangu mwenye kunusa ugoro. Nyumba yangu yote imesimama juu ya kilio kile. Kwa hiyo usidhani ilikuwa rahisi kwangu kusema machozi ni mabaya. Nilijua hasa yanavyoweza kufanya kazi. Na nilitaka mwanangu abaki, Baba Rashidi. Nilitaka mno. Tangu uende, sauti ya mpira wake ukidunda kibarazani ndiyo inayonijulisha kuwa nyumba ina mtu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nasukuma chapati. Akaja akaegemea mlango wa jikoni, urefu wake wote ule, ameinamisha kichwa asigonge.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Watu wote wameniuliza nitafanya nini. Wewe pekee hujaniuliza."

"Basi nakuuliza sasa. Wataka nini? Sikuulizi yafaayo. Nakuuliza wewe wataka nini."

Aliitazama chapati iliyokuwa jikoni hata ikaungua. Kisha akasema polepole, "Nataka kwenda. Hapa nawajua wote, nao wananijua. Nataka kujua kama mimi ni mchezaji kweli, au ni hodari wa kwetu tu."

"Haya."

"Lakini timu ya baba, mama?"

"Timu ya babako ina watu kumi na mmoja wengine. Nao wana mikono."

"Na wewe?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nikajigeuza kwenye jiko, nikaipindua ile chapati iliyoungua kana kwamba bado ina faida, na nikasema, "Mimi nina cherehani, nina majirani, nina Mola. Nenda, Rashidi. Nenda na radhi zangu na za babako." Akaniinamia akanibusu kichwani. Machozi nilikuwa nayo, sikuficha kwamba nilikuwa nayo. Lakini sikuyatoa mpaka treni ilipoondoka kituoni Miritini na behewa la mwisho likapotea. Hapo nililia kwa raha yangu, nikafuta uso, nikapanda tuktuk nikarudi kushona.

Mambo yaliyofuata hayakuwa mazuri, sitakuficha. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, ati wamepata fundi mwengine. Ukutani pale uwanjani palipoandikwa jina lake pakapakwa rangi nyeupe. Mwenyekiti Shali alinipita njiani akanijibu salamu kwa nusu. Nao Nyuki wakafungwa mechi tatu mfululizo. Nafasi ya Rashidi alipewa Katana, yule kijana mfupi wa Junda ambaye miaka miwili alikuwa akikaa benchi kushika mataulo. Mechi ya tatu watu walimzomea mpaka akavua jezi, akaileta hapa kwangu imekunjwa vizuri.

"Mama, itoe jina langu," akanambia. "Mshonee mtu mwengine."

Nikamkazia macho. "Hapa huja watu kushonewa majina. Kufumua sifumui." Nikampigia Rashidi simu, nikampa Katana aseme naye, mimi nikajitia shughuli na vifungo. Walizungumza karibu saa nzima. Nilisikia sauti ya mwanao ikitoka kwenye simu, "Usirushe kama mimi. Mimi ni mrefu. Wewe una miguu, nenda chini yao, watakutafuta hawatakuona." Tangu siku hiyo kila Jumapili simu ililia. Rashidi alikuwa akitazama mechi za Nyuki huko aliko na kumrekebisha Katana, na huku naye akiwafungia wa Nairobi pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote wao. Sikumwambia mtu mtaani. Walimwita msaliti, na msaliti mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafunza kila wiki.

Nyuki wakaanza kushinda. Mechi moja, kisha mbili, kisha saba.

Na Jumamosi iliyopita, mume wangu, Nairobi walikuja Chaani.

Saa kumi jioni pale uwanjani hapakuwa na pa kuweka kisigino. Watu wamekaa juu ya kuta, juu ya paa la gereji. Walikuwa wamejitayarisha kuzomea, nilisikia wakipanga nyuma yangu. Nilivaa buibui langu jeusi tu, jezi ya mtu sikuvaa. Timu ya Nairobi ikaingia, Rashidi wa mwisho. Watu wakavuta pumzi wapate kupiga kelele. Lakini yeye hakwenda upande wa timu yake. Alivuka uwanja mzima mpaka alipoketi Mwenyekiti Shali, akainama, akamshika mkono akaubusu.

"Shikamoo, babu."

Mzee alimtazama. Watu wote walimtazama mzee. Kisha Shali akasimama, akamshika Rashidi kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa sauti watu wasikie, "Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu." Walioketi nyuma yangu wakaanza kupiga makofi, hao hao, na uwanja mzima ukafuata.

Robo ya tatu nakusimulia, najua utauliza. Nairobi walikuwa mbele kwa pointi tisa, zote kwa mikono ya mwanao. Kulia, kushoto, kutoka mbali. Kila akifunga moyo wangu waruka, na kila akifunga moyo wangu washuka. Robo ya nne Katana akaamka. Aliingia chini yao kama panya, anatoka upande wa pili, mpira umeshaingia. Tisa zikawa tano, tano zikawa moja. Zimebaki sekunde sita, Nyuki nyuma kwa pointi moja, mpira ni wa Katana, na aliyemsimamia mbele ni Rashidi.

Walitazamana. Wallahi, niliona Rashidi akitabasamu. Katana akajifanya anakwenda kulia, Rashidi hakudanganyika. Akaja kushoto, Rashidi akaruka naye, mkono ule mrefu juu kabisa, na Katana akaurusha mpira juu zaidi, karibu na mawingu. Ukagonga chuma, ukazunguka, ukazunguka tena, ukaingia. Filimbi.

Nilipiga kigelegele ambacho sijakipiga tangu arusi yetu. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, mtu mzima mimi! Timu yako imeshinda kwa pointi moja, Baba Rashidi. Imeshinda bila mwanao. Imemshinda mwanao, na mchezaji bora wa nchi hii alikuwa amecheza kwa nguvu zake zote wala hakuwaachia. Rashidi alikuwa amelala chini chali, anacheka. Aliinuka, akamkamata Katana akamtia mabegani, akamzungusha uwanja mzima, na watu wakawa wanaimba majina yote mawili mpaka hayatofautiki.

Shali alikuja pale nilipo. Safari hii aliketi. "Mama Rashidi," akasema, "nilikuomba jambo baya."

"Uliniomba kwa mapenzi, Mwenyekiti."

"Lakini hukunisikiliza. Alhamdulillahi." Na akaanza kulia yeye.

Sasa maneno yameanza upya. Mkataba wa Nairobi utaisha, na kinyozini wameshauliza: je, Rashidi atarudi, au atakwenda ng'ambo? Wakija kwangu nawapima mabega na kuwaambia wanyooke.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi katikati, Rashidi upande mmoja na Katana upande mwengine, na wenyeji wa Chaani wakitoka majumbani kutupa mkono. Mmoja wa wale wateja waliochukua vitambaa alinikumbatia, tukayamaliza hapo hapo. Tulipofika karibu na mlango, Rashidi akaniinamia.

"Mama, sema kweli. Leo ulikuwa upande wa nani?"

"Wa babako," nikamjibu.

Lala kwa amani, mume wangu, Mola akupanulie ulipo. Sisi huku tu wazima, na tumeshinda.

Mkeo akupendaye,
Mama Rashidi